Kabla ya Wiki ya Tano

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na paa limeanza kuvuja palepale lilipoishia mwaka jana, juu ya safu ya tatu. Bawabu wetu, tunayemwita Komeo, ameweka ndoo. Picha inaingia Ijumaa.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Ukumbi huu wa sinema aliujenga marehemu baba. Kisha rafiki yake wa kufa na kuzikana akamletea karatasi, ya kawaida tu, bwana, weka sahihi hapa tukanywe chai. Baba akaweka sahihi, na tangu siku hiyo sisi ni wapangaji ndani ya jengo letu wenyewe. Ndiyo maana mimi karatasi huzisoma mpaka upande wa nyuma ambako hakujaandikwa kitu. Na watu huwasoma vilevile.

Mwenye jengo wa sasa anataka kuufanya ukumbi ghala la vigae. Mkataba wa pango unakwisha mwishoni mwa Novemba, na akiuongeza anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Hatuna. Tegemeo letu ni picha hii moja, ambayo gharama yake ukiitaja unaonekana mwongo: helikopta za kweli zimelipuliwa, daraja la kweli limeangushwa, na stelingi eti karuka mwenyewe, hakurukiwa na mtu. Mtaani wanaiita picha ya helikopta. Ikijaza ukumbi, tunabaki. Isipojaza, vigae.

Alhamisi, 8 Oktoba

Tumekula pamoja wote wanne tunaouendesha ukumbi. Shangazi, dada yake baba, yuko kwenye dirisha la tiketi tangu mimi sijazaliwa. Komeo yuko mlangoni. Mume wangu anaendesha mashine kule juu. Mimi ndiye meneja, na ndiye ninayetia sahihi ripoti ya mapato kila siku na kuituma kwa kampuni ya picha.

Nikawaeleza tutakavyogawana na kampuni. Wiki mbili za kwanza, katika kila tiketi kumi, tisa zao na moja yetu. Wiki ya tatu na ya nne, nusu kwa nusu. Kuanzia ya tano, nane zetu na mbili zao. Shangazi akasema huo ni unyang'anyi wenye mihuri. Nikamwambia ndivyo dunia nzima inavyofanya kwa picha kubwa. Akaniuliza tena hesabu ya wiki ya tano, nikamrudia.

Kuna kifungu kimoja sikuwasomea. Kampuni ikiona mapato ya mwanzo ni madogo, ina ruhusa ya kuiondoa picha wakati wowote na kuipeleka ukumbi mwingine. Sikuwasomea kwa sababu kinywa cha Shangazi hakina mlango. Kesho fundi cherehani angekuwa anakijua, keshokutwa mwenye jengo, na mwenye jengo akishajua kwamba tumekalia kuti kavu, hatangoja Novemba. Mkataba nimeufungia kwenye droo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Siku ya kwanza. Kutoka dirisha la ofisini juu niliiona foleni ikipita duka la fundi cherehani mpaka kwa kinyozi. Nikamwambia marehemu baba, kimoyomoyo, tumepona.

Taa zilipozimwa nikachungulia ukumbini. Haukufika hata nusu.

Nikashuka kumuuliza Shangazi wale watu wote wamekwenda wapi. Hakuinua uso, alikuwa anapanga chenji. Akasema watu wa siku hizi wanapenda kuuliza bei tu, wakishaijua wanakwenda zao. Nimemjua Shangazi maisha yangu yote. Akidanganya, hupanga chenji.

Jumamosi, 10 Oktoba

Foleni ndefu, ukumbi nusu. Nimepita gizani na tochi nikihesabu vichwa, mtu mmoja akanizomea. Vichwa na tiketi vinalingana. Kwa hiyo hakuna anayeingizwa bure. Basi kuna nini?

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua. Nusu.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimegundua jambo. Waliomo ukumbini ni sura ngeni, watu wa kupita, wafanyakazi wa ofisi za mbali. Wa mtaani kwetu, ambao wamezaliwa wakiingia ukumbi huu, simwoni hata mmoja. Lakini kwenye foleni nawaona! Wanafika dirishani, wanainama, wanaongea na Shangazi, kisha wanaondoka wanatabasamu. Mtu aliyekosa tiketi hatabasamu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa swali ni kimoja, au ni vingi.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu, naliandika liniume vizuri. Nilijitanda mtandio wa jirani, nikavaa miwani ya mume wangu, nikasimama kwenye foleni nisikie anachowaambia watu. Miwani yenyewe ilinifanya nione dunia imejaa maji. Nilipofika mbele, Shangazi akanitazama kidogo, akasema, "Viatu hivyo nilikununulia mimi, mwanangu. Panda juu ukafanye kazi."

Komeo alicheka mpaka akashika ukuta. Nimepanda juu nikafanya kazi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Wiki ya pili imeanza. Ripoti ya wiki ya kwanza nimeituma. Wakala wa kampuni, yule kijana wa mashati ya kubana anayenukia kabla hajafika, amepiga simu akaniuliza, kwa adabu nyingi, kama mtaani kwetu kuna msiba. Kumbi nyingine zinajaza mpaka watu wanakaa ngazini. Nikamwambia ni mvua. Akasema kwao pia inanyesha.

Jumapili, 18 Oktoba

Nilifunga safari mpaka ukumbi mpya ulio ndani ya jengo la maduka, maana wazo lilinijia kwamba Shangazi anawatuma wateja wetu huko kwa ujira. Nikalipa tiketi, nikakaa nyuma, nikaangalia watu badala ya picha. Wamejaa, lakini wa kwetu hakuna. Senti za tiketi sizijutii, ila nimerudi nimechoka na sijui niwaze nini tena.

Picha yenyewe ni nzuri, kusema kweli. Daraja likianguka unashika kiti.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimemwona mume wangu na mwenye jengo.

Nilikuwa natoka benki, mvua imenikamata, nimejibanza kwenye kibaraza. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama chini ya mwavuli mmoja. Mwavuli wetu. Mume wangu anaongea kwa mikono, yeye ambaye nyumbani ukimuuliza jambo anajibu kwa kikohozi. Mwenye jengo anatikisa kichwa polepole, kisha wakapeana mikono.

Nyumbani nikamuuliza siku yake ilikuwaje. Akasema alishinda kwenye mashine, anasafisha lenzi.

Nimelala nikitazama ukuta. Ghala la vigae litahitaji msimamizi, na msimamizi atapewa mshahara wa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Simsingizii, nawaza tu. Lakini baba naye alikuwa na rafiki.

Alhamisi, 22 Oktoba

Jioni nimeingia jikoni wakanyamaza ghafla, Shangazi na mume wangu. Shangazi akaanza kuusifia ukali wa kisu. Kisu chenyewe hakikati hata nyanya.

Ijumaa, 23 Oktoba

Wiki ya tatu. Nimemtoa Shangazi dirishani.

Nilimwambia apumzike, mgongo wake si wa chuma. Akavua fulana yake ya kazini, akaikunja, akaondoka. Angenitukana ingekuwa afadhali. Nikakaa mimi kwenye kiti chake, ambacho kimeshika umbo lake na si langu.

Foleni haikuja kabisa. Watu wa mtaani walipita mbele yangu na miavuli yao, wakanisalimia, hujambo Meneja, poleni na mvua, wakaenda. Kinyozi alisimama, nikadhani ananunua. Kumbe anauliza hii ni wiki ya ngapi. Nikamjibu ya tatu. Akasema, aa, vizuri vizuri, akaenda zake. Fundi cherehani nilimwita mwenyewe. Nikamuuliza, dada, wewe hukosi picha, hii imekukosea nini? Akacheka, akasema nitakuja, nitakuja na wanangu wote, haraka haraka haina baraka.

Sasa najua kwamba mtaa mzima unanificha kitu. Watu wakikuonea huruma usoni hujui wanakuhurumia nini. Wanajua ukumbi umeuzwa, basi, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Jumamosi, 24 Oktoba

Tumegombana. Nilimwambia mume wangu nilimwona chini ya mwavuli. Hakushtuka. Akasema kuna mambo akinieleza yataniumiza mimi, asiponieleza yatamuumiza yeye, na amechagua. Nikamwambia maneno mazuri hayo, aliyasikia kwenye picha gani? Akachukua blanketi akalala sebuleni. Nina hasira na ninamkumbuka, yote mawili, na yuko hatua chache tu kutoka hapa.

Jumapili, 25 Oktoba

Ndoo ya safu ya tatu sasa ni ndoo mbili. Komeo hanitazami.

Jumanne, 27 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianze na ujumbe.

Ulikuja asubuhi kutoka kampuni. Kwa kuwa mapato ya wiki tatu hayaridhishi, ufunguo wa picha hautaongezwa baada ya Alhamisi hii. Siku hizi picha haziji kwenye mikanda. Zinakuja kwenye kasha dogo lenye ufunguo wa namba, wakiufunga huko kwao mashine yetu inaonyesha giza. Nakala yetu itakwenda kwingine. Wanatushukuru kwa ushirikiano.

Nikawaita wote ofisini, Shangazi nikamfuata kwake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikawasomea ujumbe kwa sauti, nikasema sasa furahini, mliyemtumikia amepata, na vigae vije, ila kabla hatujaachana nataka kusikia kila mmoja alipewa shilingi ngapi.

Nilitegemea wakane, au wapige kelele. Shangazi alivuta kiti akakaa.

"Wanaweza kuiondoa kabla ya wiki ya tano?" akauliza.

"Wanaweza. Imo kwenye mkataba."

"Mkataba upi huo? Ulitusomea wewe?"

Komeo akavua kofia. Mume wangu akasema, taratibu, "Mwambie, Shangazi. Sasa haina maana tena."

Akaniambia. Usiku ule wa chakula, niliposema wiki ya kwanza tiketi moja kwa kumi na wiki ya tano nane kwa kumi, hakulala. Alipiga hesabu kitandani. Mtaa wetu una watu wanaotosha kujaza ukumbi wiki moja, lakini si kujaza wiki sita. Mtu huja mara moja. Sasa ya nini waje wakati ambapo pesa yao inapita tu kwetu kwenda kwa tajiri? Waje wakati ambapo inabaki. Basi kila mtu wa mtaani aliyefika dirishani alimwambia jambo lilelile: mwanangu, kama unautaka ukumbi huu, usinunue leo, rudi wiki ya tano, mlete na ndugu zako. Wapita njia aliwauzia, kwa sababu wapita njia hawarudi. Na wale wa mtaani walikubali. Waliondoka wakitabasamu kwa sababu walijiona nao wanaufanyia ukumbi kazi.

Komeo alijua, na mume wangu pia. Chini ya mwavuli alikuwa anamwomba mwenye jengo asubiri mpaka mwisho wa Novemba, asimpe mtu mwingine mapema, kwa sababu Novemba tutajaza. Mwenye jengo alikubali. Ndiyo mikono waliyopeana.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi mlinifanya nani?"

"Wewe ndiye unayetia sahihi," akasema mume wangu. "Kuwafukuza wateja dirishani ni kuvunja mkataba, hilo hata sisi tunalijua. Ungejua, ungekuwa unatia sahihi uongo. Tukasema tukikamatwa, tukamatwe sisi."

Shangazi akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Sikujua anajisema yeye au ananisema mimi, na sikuwa na haki ya kuuliza. Kama ningewasomea kile kifungu, wasingefanya. Wangeniambia wanachofanya, ningewazuia. Kila mmoja alikuwa amekalia nusu yake ya habari, wao kwa kunipenda, mimi kwa kutowaamini.

Nimemwomba Shangazi msamaha. Amesema ameusikia, ila tusiuzungumzie leo.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimekwenda kwa wakala. Nikamsihi atuachie wiki mbili tu, zijazo zitajaa. Akaniuliza nina uhakika gani. Ushahidi pekee nilio nao ndio unaotupeleka mahakamani. Nikasema nawajua watu wangu. Akatabasamu, na ninalijua tabasamu lile la kutoamini, mimi mwenyewe nimelivaa mwezi mzima. Akasema, kwa heshima, tarakimu zinaonyesha watu wangu hawaipendi picha hii.

Alhamisi, 29 Oktoba

Onyesho la mwisho. Mume wangu ameniita juu kwenye mashine tuliangalie pamoja. Daraja limeanguka, sikushika kiti.

Jumamosi, 31 Oktoba

Shangazi amesema ataipitia mitaa awaambie watu wasije. Nimemrudishia fulana yake ya kazi ingawa hakuna kazi. Tunaonyesha picha ya zamani kwa watu saba, na bango la helikopta bado halijashushwa nje.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua. Mwenye jengo amekuja na mtu mwenye futi ya kupimia. Wamepima safu ya tatu.

Ijumaa, 6 Novemba

Nilikuwa nafunga vitu ofisini, mvua inapiga bati sijisikii hata ninavyoburuta makasha. Komeo akapanda ngazi mbio, akaniambia Meneja, njoo dirishani. Hakusema zaidi.

Foleni ilipita kwa fundi cherehani, ikapita kwa kinyozi, ikakunja kona, na baada ya kona sikuiona mwisho wake. Miavuli, mifuko ya plastiki vichwani, watoto mabegani, vikongwe wameletewa viti wakae huku wanasogezwa. Wamekuja na ndugu zao kama walivyoambiwa. Siwezi kusema ni wangapi. Najua tu kwamba wote wasingeingia hata tukionyesha mara tatu.

Nikashuka. Shangazi alikuwa ndani ya kile chumba cha tiketi, taa imezimwa, pazia la dirisha limeshushwa, amekaa na mikono mapajani.

"Sikuwaambia," akasema. "Nilifika mlango wa kwanza, wakanikaribisha, wakaniuliza imebaki siku ngapi. Nikashindwa, mwanangu. Nikarudi nyumbani."

Nikamwambia anipishe. Nikawasha taa, nikavuta pazia. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani na wanawe wote, noti zimekunjwa mkononi tayari, uso unamwagika maji ya mvua na furaha. Akasema wamekuja, na kwamba leo hela ni yetu, si ya matajiri.

Nikawaambia picha haipo. Nikasema kampuni imeiondoa wiki iliyopita kwa sababu iliona hamuipendi.

"Sisi?" akauliza. "Sisi hatuipendi?"

Maneno yakaanza kurudi nyuma kwenye foleni, mtu kwa mtu, nikiyaona yanavyokwenda kwa jinsi vichwa vinavyogeuka. Nikaona niseme yote. Nikawaambia kulikuwa na kifungu, na mimi nilikijua, na nilikificha nyumbani kwangu mwenyewe kwa sababu nilidhani watu hawa hawajui kutunza siri. Mtaa mzima, jamani, mpaka watoto wa shule, mwezi mzima, na hapana hata mmoja aliyetuuza. Nililia hapohapo dirishani, mbele ya kila mtu, na sikujali. Shangazi alinishika bega kutoka nyuma.

Hakuna aliyefoka. Nadhani wangefoka ningeweza kustahimili. Fundi cherehani alizifungua zile noti, akazitazama, akazikunja tena. Bado hakuwa ameelewa, au hakutaka kuelewa. Akainama karibu na kile kitundu cha kioo, kama mtu anayeuliza jambo ambalo hataki wengine wasikie.

"Basi, Meneja," akasema, "turudi lini?"

Nikamwambia wasirudi.